Nimeambiwa niandike wasifu wa shangazi, nimekwama

SWALI: Anti shikamoo. Shangazi yetu amefariki akiwa na miaka 88, tunazika Jumamosi huku Marangu na kikao cha familia kimeniangushia mimi wasifu wa marehemu eti kwa sababu nimesoma. Alikuwa mtu wa fizio, ile tiba ya mazoezi ya viungo, pale hospitali ya KCMC Moshi tangu miaka ya sabini, akaja kuwafundisha wanafunzi wa fani hiyohiyo mpaka anastaafu, na kanisani ndo usiseme, alijitolea sana. Nimeandika kurasa nne, nimeanza na alikuwa mpole, mcheshi, mwenye upendo kwa wote, ila nikisoma naona kama namsifia mtu mwingine. Mchungaji katupa dakika tano. Halafu kuna jambo sijui kama linafaa, jirani yetu alipata kiharusi, basi shangazi na ustaafu wake kila jioni anaenda kumwekea sufuria mbili, moja ina maharage, anamwambia hamisha moja moja kwa mkono uliolegea, na mke wa jirani akitaka kumsaidia mumewe anafukuzwa. Nifanyeje? – Wa Marangu

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana na msiba. Sasa wewe una dhahabu umeifukia huko mwisho wa barua, unaniuliza kama inafaa! Anza na hayo maharage. Kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, ndoa, hivyo vinasomwa na watu wanavitarajia lakini vimalize haraka, sentensi tatu nne zinatosha. Upole futa kabisa, mtu anayemfukuza mke wa mgonjwa si mpole kihivyo, na waombolezaji wote wanajua, ukisema mpole watatazamana.

Kwenye kazi usiishie kusema alikuwa fizio, wajukuu hawatajua ni nini. KCMC ilifunguliwa 1971, enzi hizo polio bado ipo, kuna watoto walikuwa wanatembea na vyuma miguuni na kuna mtu lazima awafundishe kusimama navyo, kuanguka, kuinuka tena. Tanzania mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili ilikuwa 1996, kwa hiyo kijana wa miaka 25 hapo msibani hajawahi kuona hicho kitu kwa mtoto mwenzake. Mwelezee kwa sentensi moja tu, ndo ataelewa shangazi yake alikuwa anaamka kwenda kufanya nini. Ila majina ya wagonjwa usitaje, hata huyo jirani muulize kwanza, kama yupo hai na anakubali labda atataka mwenyewe kuinua ule mkono watu wauone, huwezi jua.

Kuhusu ualimu, leo hii chukua simu yake, humo hamkosi namba za wanafunzi wake. Wapigie wawili, uliza alikuwa anawagombeza kwa maneno gani. Niamini, ndo kitu cha kwanza watakumbuka.

Na "alijitolea sana kanisani" haisemi kitu, kila marehemu alijitolea. Alifanya nini? Kama ndiye alikuwa anafua vitambaa vya madhabahuni, sema. Kama kwenye mnada wa Jumapili baada ya ibada alikuwa ananunua mkungu wa ndizi halafu anaurudisha uuzwe tena, hilo nalo sema, watu watacheka na msibani kucheka ruksa, hasa mtu akiondoka na miaka 88.

Sehemu ya ugonjwa weka mistari miwili. Sijui nani alituanzishia huu mtindo wa kusoma msibani presha ilikuwa ngapi, alihamishwa wodi ipi, mpaka saa na dakika, yaani miaka themanini ya mtu inamezwa na wiki tatu za mwisho.

Ukimaliza usome kwa sauti huku umeshika saa. Print kwa herufi kubwa maana machozi yakija huoni kitu, na nakala ya pili mpe binamu yako asimame karibu, ukishindwa aendelee hapohapo ulipoachia.