Peugeot 504 ya mzee imechemka: usikimbilie kutiwa injini ya Toyota

Yakhe, nimekusoma. 504 saluni ya marehemu baba yako ilichemka ukipanda mlima wa Mazeras, sasa oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na fundi wako wa Changamwe anasema spea zake zilikwisha zamani, bora gari litiwe injini ya Toyota. Mimi niliambiwa hivyohivyo mwaka 2019. 504 yangu hadi leo inatembea na injini yake.

Ukiingia dukani ukauliza "spea ya 504", utajibiwa hakuna kabla hujamaliza kusema. Muuzaji anafikiria gari, na gari lenyewe halionekani tena barabarani, ingawa liliunganishwa hapahapa Mombasa. Wewe ulizia injini. Za petroli tulizozoea huku ni mbili: XM ya cc 1,796 na XN1 ya cc 1,971. Hii XN1 iliingia pia kwenye 505, kwa hiyo duka lisilo na kitu cha 504 huenda lina boksi la 505 juu ya shubaka, limejaa vumbi, na ndicho unachotafuta. Ukiagiza kwa mtandao angalia usiletewe gasketi za V6, ile injini ya silinda sita. Ile 504 iliyoshinda Safari Rally mwaka 1978 ilikuwa ya V6, na kwa ndani si ndugu ya hii yako.

La pili, usiamini maandishi ya boksi. XM na XN1 pistoni zake hupanda na kushuka milimita 81 sawasawa. Zinapotofautiana ni upana, 84 kwa XM na 88 kwa XN1. Mimi niliuziwa seti ya pistoni maeneo ya Mwembe Tayari, boksi limeandikwa 504, picha ya gari juu yake. Nyumbani nikatia kalipa, kile kipimio cha upana: 84. Injini yangu ni XN1. Bahati nilikuwa sijapasua nailoni, nikarudishiwa pesa baada ya maneno mengi. Tangu siku ile kalipa hukaa mfukoni na napima mbele ya kaunta, muuzaji anune asinune.

Lakini wewe usianze na pistoni. Silinda hedi ya injini hii, yaani kifuniko chake cha juu, ni alumini, na alumini ikichemka hupinda. Ifunguliwe, ilazwe rula ya chuma iliyonyooka, ipitishwe fila, kile kibamba chembamba cha kupimia upenyo, chini yake. Ikiwa imepinda kidogo itasawazishwa karakana. Huenda shida yako yote ni hedi na gasketi yake.

Na sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia. Slivu za injini hii, yale mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, hazikushindiliwa kwenye bloku. Zimesimama ndani ya maji, chini zimekalia sili nyembamba, na kinachozibana ni hedi yenyewe. Hedi ikitoka, hakuna kinachozishika. Kijana wa gereji niliyopeleka gari alizungusha krankshafti hedi ikiwa chini ya mwembe, pistoni zikanyanyua slivu mbili. Hakuna aliyeniambia. Tukafunga hedi kwa gasketi mpya, tukatia maji, asubuhi yamejaa kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Wiki tatu zilipotea, na seti ya gasketi pia. Kwa hiyo mwambie fundi wako, hedi ikitoka tu, kabla hajagusa kitu kingine, azibane slivu kwa nati na washa kubwa kwenye bolti za hedi. Sili za chini zikibadilishwa, slivu lazima zijitokeze juu ya bloku kidogo sana, tena zote kwa kiasi kimoja. Ndiyo maana sili hizo huuzwa kwa unene tofautitofauti. Fundi akikwambia anapima kwa kidole, mshukuru, ondoka.

Vitu vidogo visikutie hofu. Sili za oili na beringi za gololi usizitafute kwenye maduka ya magari kabisa. Nenda duka la beringi, peleka cha zamani, kisome. Beringi iliyoandikwa 6203 ni 17 ndani, 40 nje, 12 unene, iwe imetoka kwenye altaneta au pampu ya kisima. Sili nayo ina vipimo vitatu hivyo.

Kuna pia maduka ya zamani mjini, yale ya kaunta za mbao, ambayo mzee mwenyewe anapanda ngazi kukushushia mzigo wa miaka thelathini. Vya chuma nunua ukifumba macho, mradi hewa ya bahari haijavila. Vya mpira kunja kwanza kwa kidole: vikilia, mwachie. Seti yangu ya pili ya gasketi sikuipata hapa. Shemeji yangu ni baharia, aliniletea kutoka Marseille.

Hiyo Toyota nayo si ya bure. Kuna maunti, yaani vishikizo vya injini, za kuchomelea, propela shafti ya kukata, na namba ya injini ya kurekebisha kwenye logbuku.

Halafu jiulize kwa nini ilichemka. Feni ya 504 hushikwa na sumaku ya umeme: maji yakipata moto inashika, yakipoa inaachia. Nyingi zimekufa, na mafundi huzipita tu bila kuziangalia. Yangu nilikuta waya umekatwa kwa koleo, sijui tangu lini, labda baba yangu mwenyewe. Niliuunganisha, nikabadilisha brashi yake ya kaboni. Juzi nimepanda Mazeras saa nane mchana nyuma ya malori ya makontena, mshale wa joto haukupita katikati.