Wanawake wa kabila gani wanapigwa zaidi? Jibu la nesi wa Dodoma

Mleta mada ni mgeni Dodoma, kahamia na wizara yake. Anasema kasoma kwamba Marekani wanawake weusi na wale wenye asili ya huko, yaani wenyeji waliokuwepo kabla ya wazungu, huumizwa na wenza wao kuliko wazungu. Sasa anauliza hapa katikati ya nchi ni kabila gani linaongoza kwa wanawake kupigwa na kulewa, maana mpangaji mwenzake, mama wa Kigogo, anaanza gongo asubuhi na usiku anasikika akilia. Waliotangulia wameshajibu: Wagogo. Mmoja kaongeza Wanyaturu, eti wasipopigwa wanaona hawapendwi. Mimi ni Mnyaturu, nimeolewa Kondoa, na kazi yangu ni unesi na ukunga kwenye zahanati na vituo vya afya vya mkoa huu tangu nikiwa msichana. Nami nina la kusema.

Kwanza, hao mnaowataja mmewapata wapi? Sensa ya mwisho kuuliza kabila nchi hii ilikuwa ya 1967. Vitabu vyetu vya MTUHA, vya kumbukumbu za wagonjwa, vinaandika kijiji, umri, mimba ya ngapi, kabila hakuna. Labda uulizwe polisi ukiandikisha maelezo. Kinachopimwa ni mkoa, na kwa mkoa sikatai, Dodoma imewahi kutia aibu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2010 ulikuta asilimia 71 ya wanawake wa Dodoma wamewahi kupigwa tangu walipofika miaka 15, wakati nchi nzima ilikuwa 39. (Kitaifa ilishuka mpaka 27 mwaka 2022.) Lakini Dodoma ni Wagogo peke yao? Warangi, Wasandawe na Waburunge mmewaweka wapi? Wakaguru wa Mpwapwa na Kongwa je? Mjini ndiyo usiseme, tangu serikali ihamie kila kabila lina mtaa wake. Namba ya mkoa mnaivisha kabila moja halafu mnaiita mila.

Marekani wao wanauliza asili ya mtu na wanaandika. Utafiti wao wa 2010 ulikuta waliowahi kubakwa, kupigwa au kuandamwa na mwenza ni asilimia 46 kwa wanawake wenye asili ya huko, karibu 44 kwa weusi na karibu 35 kwa wazungu. Sasa hapo kuna jambo ambalo mleta mada kalipita. Wanawake weusi wa huko kwa jumla hunywa kidogo kuliko wazungu, na bado ndio wanaoumizwa zaidi. Kwa hiyo ile hoja ya "anapigwa kwa sababu ni mlevi" imekufa hapo hapo.

Hata hapa imekufa. Kondoa kwa wakwe zangu ni Waislamu watupu, mwanamke akionja pombe ni habari ya kijiji kizima. Nyusi zilizopasuka nilizoshona Kondoa hazina tofauti na nilizoshona Bahi kwa Wagogo. Tofauti iko kwenye kauli. Wa Bahi akiketi tu anasema, "Kanipiga yule, tena kwa mpini wa jembe." Wa Kondoa anasema kateleza kisimani, na mama mkwe kakaa pembeni kamshikia mkoba. Akija mtafiti na dodoso lake, unadhani ni wilaya gani itaonekana mbaya?

Mimi ukinipa rejista za miaka kadhaa nitakuambia mwezi kabla sijakuambia kabila. Mvua yetu ni moja, Desemba mpaka Aprili. Mavuno yakiingia, kuanzia Juni hivi, nafaka ipo, ng'ombe anauzwa, vilabu vinajaa, na majeruhi nao wanaongezeka, hasa Jumapili usiku. Halafu inakuja Januari na Februari, ghala tupu, na ugomvi ni wa debe la mtama: nani kaliuza na hela iko wapi. Mwaka wa njaa unakuta wanaume wamekwenda kutafuta vibarua, kituo kinapoa, wanaobaki ni watoto wenye utapiamlo.

Na hiyo pombe inapikwa na nani? Na wanawake hao hao. Kijiji kimoja cha Chamwino kulikuwa na mama niliyemzalisha watoto wake wa mwisho. Analoweka uwele, anautandaza kwenye magunia mpaka uote, anaanika, anasaga kimea, kisha anakesha na pipa jikoni. Ada za shule zilitoka humo, na sare, na hata nauli ya kuja kliniki. Siku moja nilipita namkuta anakoroga kwa mkono wa kushoto, wa kulia una plasta ngumu niliyomfunga mwenyewe wiki iliyotangulia. Aliyemvunja alikuwa kwenye benchi hapo hapo uani, anakunywa kwa mkopo.

Mpishi lazima aonje kwanza mbele ya mteja, asije akasemwa kaweka sumu. Kwa hiyo kila kata ya pombe inayotoka, yaani kibuyu cha kunywea, ana funda lake. Ukimuuliza, kama fomu zetu zinavyotaka, unakunywa vinywaji vingapi kwa siku, anakucheka. Kata inazunguka watu sita, hakuna chupa ya kuhesabu. Wengi wa aina hii hawakuanza na ulevi, walianza na usingizi uliokataa. Wanakuja kituoni wakilalamika moyo unakwenda mbio, mgongo, kichwa, geti likigongwa wanaruka. Tunawapima presha, tunawapa panadol, wanarudi nyumbani. Gongo inawalaza usingizi, panadol haiwalazi.

Kuna mahali kabila lina mchango, nisijifanye sioni. Ukeketaji ni mmojawapo, na hili na kwetu Singida lipo. Sheria ya 1998 ilipopiga marufuku kukeketa mabinti, watu hawakuacha, walihamia kwa vichanga kwa kisingizio cha lawalawa, eti ni ugonjwa wa sehemu za siri unaotibika kwa wembe. Dodoma ilikuwa asilimia 47 ya wanawake kwenye utafiti wa 2015-16, na 18 kwenye ule wa 2022. Kushuka hivyo kwa miaka michache kunanipa moyo, ingawa mwanamke mwenye kosa la jinai mikononi hawezi kumjibu mtafiti kwa uhuru. Mahari nayo: baba aliyekwisha kula ng'ombe wa mkwe hana pa kuwatoa binti akirudi na mabegi, atamsindikiza arudi kwa mumewe.

Lakini mila hiyo hiyo mahali pengine inalinda. Wabarbaig, wafugaji ambao mjini mnawaogopa bure, wana baraza la wanawake. Mwanaume akimkosea mwanamke, kina mama wanakusanyika, wanamhukumu na kumtoza dume la ng'ombe, na wazee wa kiume hawaingilii. Sisi tuliosoma tuna Sheria ya Ndoa ya 1971 inayosema wazi hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzake, na bado mtu anaandika humu kwamba wanapenda kupigwa.

Sasa huyo mpangaji mwenzako, kaka yangu. Usimuulize mbele ya mumewe, na wala usimwendee wewe mwanaume peke yako, utamwongezea kipigo. Mtume mkeo au mama mwenye nyumba. Akiwa kaumia, atibiwe kwanza, PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ifuatiliwe kwenye dawati la jinsia la polisi. Kama kaingiliwa kwa nguvu, asipitishe saa 72 bila kufika kituoni, kuna dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi ambazo baada ya hapo hazimsaidii. Na msimfungie ndani aache gongo ghafla. Anayekunywa kila siku akikatishwa hivyo anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo na kupata degedege la kumuua. Aende kituo cha afya, wakiona inafaa wataandika rufaa ya Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma. Mnavyotaniana kwa jina hilo ndiyo maana watu wanachelewa. Kule Itega, kituo chao cha uraibu, kuna wanaotibiwa na kurudi makazini, na huwezi kuwajua kwa kuwatazama.