Menyu ndani ya menyu tuiite nini?

SWALI: Tunatengeneza apu ya sacco yetu. Ukibonyeza "Mikopo" inafunguka menyu nyingine. Hiyo ya ndani tuiite menyu mtoto, tawi au menyu ndogo? Na tuandike "Kuomba mkopo" au "Omba mkopo"?

JIBU: Menyu ndogo, basi. Ukisema menyu mtoto mtu anawaza chipsi soseji za watoto hotelini, na tawi liacheni kabisa maana kwa sacco tawi ni la Moshi au la Mwanza, mtachanganya watu bure. Ila hilo jina ni lenu nyie mafundi tu, mwanachama hana haja ya kuliona popote.

Swali la pili ndo lenye kazi. Angalieni M-Pesa ya Tanzania, ile ya *150*00#, kuna Tuma Pesa na kuna Huduma za Kifedha. Tuma ni kitenzi cha amri kwa sababu ukichagua hapo unaanza kufanya jambo lenyewe, Huduma ni nomino kwa sababu ndani yake kuna mambo mengine. Nanyi fanyeni hivohivo, Mikopo ibaki nomino, humo ndani muweke Omba mkopo, Rejesha mkopo, Angalia deni. "Kuomba mkopo" sio kosa la sarufi, lakini inasomeka kama mada ya semina, halafu inakula herufi, na kama mtaweka na USSD, yaani menyu ya kupiga namba kama hiyo *150*00#, kwa wenye simu za vitochi basi ujumbe mmoja unabeba herufi 182 tu, nafasi na namba zote zimo humohumo.

Neno la kuogopa ni Toa. Toa pesa tumeshaizoea, unachukua hela yako. Sasa ukiandika Toa akiba, mama mmoja ataelewa anachukua, mwenzie ataelewa anatoa mchango wa mwezi kama anavyotoa kwenye kikoba, na wote wako sahihi! Andikeni Weka akiba na Chukua akiba, hapo hakuna ubishi. Toa mkopo nayo ikae upande wa afisa mikopo, sio wa mwanachama.

Kitufe cha kurudi hatua moja kiitwe Rudi, na cha kurudi ukurasa wa kwanza kiitwe Mwanzo, sio Nyumbani, nyumbani ni kwa mtu.