Kuhamia fleti ukiwa kazini ugenini: shughulikia karatasi kwanza, samani zitafuata

Mwuliza swali amepata mkataba wa kazi wa miaka miwili nje ya nchi. Mwajiri atamlipia hoteli kwa muda mfupi tu, naye anataka kujua mambo mawili: kama aagize samani mapema ili fleti iwe tayari siku ya kuhamia, na afanye nini ili amana yake irudi mkataba utakapokwisha. Nimefanya kazi ugenini kwa miaka kadhaa na nimepanga fleti zaidi ya moja, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyapitia. Kwa maoni yangu, samani ndilo jambo la mwisho la kukusumbua. Juma la kwanza ni la kushughulikia karatasi na kuikagua nyumba yenyewe.

Kabla ya kusaini mkataba wa pango, muulize mwenye nyumba kama atakupa uthibitisho wa maandishi kwamba unaishi pale. Katika nchi nyingi anwani ndiyo inayofungua milango mingine yote, yaani akaunti ya benki, namba ya kodi ya mapato, bima na hata laini ya simu. Ujerumani, kwa mfano, anayehamia hutakiwa kusajili anwani yake ndani ya wiki mbili, na mwenye nyumba ana wajibu wa kumpa barua inayothibitisha kwamba amehamia. Ukipangishwa kinyemela na mpangaji mwingine bila mwenye nyumba kujua, huenda barua hiyo usiipate, hata kama kodi ni nafuu. Ukishapokea funguo, bandika jina lako kwenye sanduku la barua siku hiyo hiyo, kwa sababu penye majina ya wapangaji kwenye masanduku, barua isiyopata jina lake huweza kurudishwa ilikotoka, na huenda ndiyo iliyobeba kadi yako ya benki.

Kuhusu amana, soma kwanza sheria ya nchi unayokwenda, maana zinatofautiana sana. Ujerumani amana ya nyumba ya kuishi haiwezi kuzidi kodi ya miezi mitatu, bila kuhesabu gharama za ziada kama za kupasha nyumba joto. Uingereza, upande wa England na Wales, mwenye nyumba anayepokea amana katika upangaji wa kawaida hutakiwa kuiweka chini ya mpango wa kulinda amana ulioidhinishwa na serikali ndani ya siku 30. Ufaransa amana hurudishwa ndani ya mwezi mmoja ikiwa hali ya nyumba siku ya kutoka inalingana na ile ya siku ya kuingia, na ndani ya miezi miwili ikiwa hailingani. Hata hivyo, sheria humsaidia mwenye ushahidi, na ushahidi huo hukusanywa kabla hujaingiza hata sanduku moja.

Nenda mchana, penye mwanga wa kutosha. Piga picha kila chumba kutoka kila pembe, kisha sogea karibu na kila mkwaruzo wa sakafu, kila ufa wa kigae, kila doa la ukutani, na usisahau ndani ya jiko na jokofu. Fungua kila bomba, uache maji yatiririke kwa muda, hasa kama fleti ilikaa tupu, kisha utazame chini ya sinki kama panavuja. Jaribu kila soketi kwa chaja ya simu, na ufungue na kufunga kila dirisha. Piga picha mita za umeme, maji na gesi, namba ya mita yenyewe na usomaji wake vikionekana pamoja, la sivyo unaweza kujikuta unalipia matumizi ya aliyekutangulia. Halafu andika orodha ya kasoro zote na uitume kwa barua pepe siku hiyo hiyo, ili tarehe iwe imewekwa na mtambo badala ya kutegemea neno lako.

Mtu aliyenikabidhi fleti moja alikuwa na haraka na alitaka nisaini fomu ya makabidhiano ikiwa imeandikwa tu kwamba kila kitu ni kizima. Nilimwomba kwa adabu asubiri, nikaandika kasoro nilizoziona pembeni mwa fomu, ndipo tukasaini wote wawili. Nilipohama nilidaiwa gharama ya sinki la bafuni lililokuwa na ufa; nikaituma picha ya siku ya kuingia pamoja na nakala ya fomu ile, na dai hilo halikutajwa tena. Usimwonee haya mtu mwenye haraka, kwa kuwa fedha inayozungumziwa ni yako.

Jambo ambalo wengi wetu tuliokulia penye joto hatulijui ni unyevu wa ndani wakati wa baridi. Mtu hufunga madirisha kwa miezi, huku akipika, akioga kwa maji ya moto na kuanika nguo chumbani. Mvuke wote huo hutafuta sehemu yenye ubaridi, hugeuka maji kwenye vioo na pembe za kuta, na baada ya muda kuvu nyeusi huota nyuma ya kabati. Mwenye nyumba atasema ni uzembe wako, na mara nyingi hapo ndipo ugomvi wa amana huanzia. Dawa yake ni kufungua madirisha wazi kabisa kwa dakika chache, mara kadhaa kwa siku, badala ya kuacha dirisha moja limefunguliwa kidogo kutwa nzima, kwani hilo hupoza kuta bila kubadilisha hewa vya kutosha. Acha nafasi kati ya kabati na ukuta wa nje, na nunua kipima unyevu kidogo. Kikikaa kati ya asilimia 40 na 60, uko salama. Doa likirudi palepale licha ya yote hayo, huenda bomba linavuja au ukuta una hitilafu, kwa hiyo toa taarifa kwa maandishi mapema.

Kama kuna boila au jiko la gesi, hakikisha fleti ina king'ora cha kaboni monoksidi, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu.

Vifaa vya umeme usivibebe ovyo. Japani hutumia volti 100, Marekani 120, na nchi nyingi nyingine 220 hadi 240. Adapta hubadilisha umbo la plagi tu, haibadilishi volti. Chaja iliyoandikwa 100–240 V haina shida, lakini pasi na birika viache nyumbani.

Sasa samani. Nunua godoro, taa na pazia la chumba cha kulala, basi. Vingine visubiri hadi umepima milango, ngazi na lifti, na umejua jua linaingia upande gani. Isitoshe, wafanyakazi wageni wanaoondoka huuza vyao kwa bei ya chini. Kwa mkataba wa miaka miwili, sioni sababu ya kununua kabati jipya.

Mwisho, soma kifungu cha kuvunja mkataba. Kazi ya ugenini inaweza kukatishwa au kuhamishwa mji mwingine, kwa hiyo omba kifungu kinachokuruhusu kutoka mapema kwa notisi ya kawaida ikiwa mwajiri atakuhamisha. Siku ya kuondoka, rudia picha zilezile na usomaji wa mita, dai risiti ya funguo ulizorudisha, na usifunge akaunti yako ya benki ya nchi ile mpaka amana iwe imeingia.