Maswali ya Wasomaji: Sikukuu Zikihamishiwa Jumatatu, Mtwara Itanufaika?

SWALI: Mhariri, salaam. Ninaendesha nyumba ndogo ya wageni hapa Mikindani. Mwanangu ananieleza kwamba Japani imehamishia Jumatatu baadhi ya sikukuu zake ili watu wapate mapumziko ya siku tatu mfululizo na kutumia fedha. Je, tukifanya hivyo kwa Siku ya Nyerere na Siku ya Uhuru, ambazo mwaka 2026 zote zinaangukia Jumatano, sisi wa kusini hatutapata wageni zaidi?
Msomaji, Mtwara

JIBU: Mama, mwanao amekueleza kweli. Japani ilianza utaratibu huo mwaka 2000, ilipoiondoa Siku ya Utu Uzima kwenye tarehe 15 Januari na kuiweka Jumatatu ya pili ya mwezi huo. Marekani ilikuwa imetangulia kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1968 na kuanza kutumika mwaka 1971. Wanaounga mkono utaratibu huo husema kwamba sikukuu ya katikati ya wiki humlazimu mwenye kiwanda kuzima mitambo na kuiwasha upya kwa ajili ya siku moja tu, ilhali mfanyakazi naye hawezi kwenda popote, kwa kuwa kesho yake anatakiwa kazini.

Hata hivyo, siamini kwamba faida hiyo ingefika Mikindani kwa kiasi unachotarajia. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni karibu kilomita 560. Familia ikiondoka Jumamosi alfajiri itafika imechoka, na ili baba na mama wawahi kazini Jumanne, Jumatatu yote itaishia barabarani, kwa hiyo siku nzima ya kufurahia bahari itakuwa Jumapili peke yake. Familia hiyo hiyo ikienda Bagamoyo itazipata karibu siku zote tatu, na hata Kilwa, ambayo magofu yake yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, iko karibu nayo kuliko ninyi. Tena mshahara wa mtumishi hauongezeki kwa sababu sikukuu imehamishwa. Sehemu kubwa ya fedha atakayoiacha hotelini ni ile ambayo angeitumia dukani au sokoni mtaani kwake.

Linalonigusa zaidi ni korosho, kwa sababu sikukuu zote mbili ulizozitaja huangukia katika msimu wake. Mfikirie mkulima wa Tandahimba ambaye korosho zake zimepimwa katika chama cha msingi cha ushirika, zimeingia ghalani, zimeuzwa, naye sasa anasubiri malipo yaingie benki huku vibarua waliomwokotea wakimfuata nyumbani kudai ujira wao. Sikukuu ya Jumatano humchelewesha siku moja. Ikihamishiwa Jumatatu, malipo ambayo hayajaingia hadi benki inapofunga Jumamosi mchana atayafuata Jumanne. Na hao vibarua, sawa na mama lishe na dereva wa bodaboda, hawana mapumziko ya kulipwa, kwani siku wasiyofanya kazi ni siku wasiyopata kitu. Kwa upande wako, kumbuka kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amlipe mara mbili ya ujira wa msingi mfanyakazi anayefanya kazi siku ya sikukuu, kwa hiyo siku utakayopata wageni wengi ndiyo siku ambayo mpishi wako atakugharimu zaidi.

Kuna pia heshima ya tarehe yenyewe. Mwalimu alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, na Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Kuziadhimisha siku hizi katika tarehe nyingine kwa sababu ya biashara ni jambo nisiloweza kuliunga mkono. Wamarekani waliwahi kuihamishia Jumatatu siku ya kuwaenzi askari wao wa zamani, na mwaka 1978 wakairudisha tarehe 11 Novemba.

Ninachokiona kinafaa ni kidogo kuliko hicho. Nchini Kenya, sikukuu ikiangukia Jumapili, Jumatatu inayofuata huwa ya mapumziko. Kwetu, Siku ya Muungano ya mwaka 2026 inaangukia Jumapili, na kuifidia kwa Jumatatu kusingeiondoa tarehe 26 Aprili mahali pake, ingawa kwa biashara yako Aprili ni mwezi wa masika na wasafiri ni wachache.

Kwa hiyo, mama, nakushauri uwatazame kwanza walio karibu nawe. Mtumishi wa Lindi yuko umbali wa kilomita mia moja hivi na wa Masasi kama mia mbili, nao wanaweza kuja Jumamosi na kurudi Jumapili bila kusubiri sikukuu yoyote ihamishwe. Tangaza mapema bei moja ya usiku huo pamoja na chakula, na usafiri wa kwenda ufukwe wa Msimbati. Walimu na wauguzi wanaoweza kuja kwa kikundi wapunguzie bei, kwa sharti la kulipa nusu kabla ya Alhamisi ili ujue samaki wa kununua.