Madogo wanaokimbiza pikipiki mbele ya nyumba, Mikindani

Pole sana dada, umeuliza ufanyeje na hao madogo wanaopita mbio na pikipiki hapo kwako Mikindani, Mtwara, muda watoto wanatoka shule. Mi nipo Chuno na huku hivyohivyo, hela ya korosho ikishaingia tu unaona boda mpya kila kona na aliyeshika usukani ni mtoto hata leseni hana, inauma kwa kweli.

Kugombana nao barabarani achana nako, watakutukana bure. We tafuta mwenye pikipiki. Andika namba, siku na saa, kisha nenda na majirani wawili watatu kwa mwenyekiti wa mtaa aitwe mwenye chombo na mzazi pia, maana mwenye boda anachoogopa ni chombo kulala polisi hesabu, yaani hela anayoletewa kila siku, ipotee. Wakiendelea, hizo namba peleka kwa trafiki, kwenye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa na hao wanapita mbali huko.

Matuta ombeni kupitia mtaa, maombi yaende TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini), au TANROADS (wakala wa barabara kuu) kama ni barabara kuu. Ila jamani msiweke mawe wala magogo wenyewe, usiku hayaonekani mtaua mtu.