Wali wa nazi una mashitaka mawili

Mhariri, wiki iliyopita mliwauliza wasomaji swali hili: "Anayetaka kupunguza uzito aache vyakula vya wanga, au aendelee na chakula cha kawaida huku akipunguza kiasi na mafuta?" Jibu langu ni kwamba kwa mlaji wa Unguja na Pemba njia hizo mbili hazitenganiki kama wanavyozitenganisha wabishani, kwa sababu wanga wetu mwingi haufiki kinywani peke yake, hufika umeshapikwa na mafuta au umeshatiwa sukari.

Chukueni wali wa nazi, ambao hapa Wete ni chakula cha mchana cha nyumba nyingi. Mpishi hukuna nazi, hukamua tui zito akaliweka kando, kisha hukamua tui jepesi la kupikia mchele, na maji yanapokaribia kukauka hulimimina lile zito, akafunika na kupalia makaa juu ya mfuniko mpaka punje zing'are. Mng'aro ule ni mafuta. Tui zito huwa na takriban gramu 20 za mafuta katika kila gramu 100, na gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9, ilhali gramu moja ya wanga, au ya protini, hutoa 4. Kwa hiyo sahani ya wali wa nazi ina mashitaka mawili kwa pamoja, na kila upande wa mjadala wenu unaweza kuishitaki kwa haki. Chapati, mandazi, sambusa na mbatata za kukaanga nazo zimo katika kesi hiyo hiyo.

Matokeo yake ni kwamba mtu wa hapa akisema ameacha wanga, huwa ameacha mengi zaidi ya wanga. Jirani yangu mmoja aliacha wali, chapati na boflo, na kwa kuwa boflo halikuwapo tena, siagi ya kupaka nayo haikuwa na pa kwenda. Na chai, ambayo alizoea kuinywa tamu sana pamoja na mandazi, akaanza kuinywa kavu bila sukari. Alipungua vizuri, na anausifu mwiko wa wanga kwa kila anayemsikiliza. Mimi naamini alipungua, ila siamini kwamba tunajua ni kipi kati ya vyote alivyoviacha kilichompunguza. Jambo hili si geni. William Banting, msimamizi wa mazishi wa London aliyeeleza mwaka 1863 jinsi alivyopunguza unene, hutajwa mara nyingi kuwa baba wa mlo wa wanga kidogo, lakini katika vitu alivyokatazwa, pamoja na mkate, viazi, bia na sukari, ilikuwamo siagi pia.

Wanaoushabikia mwiko wa wanga husema kwamba matokeo yake huonekana upesi, na hilo ni kweli, ila sehemu kubwa ya upesi huo ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli kwa sura ya glaikojeni, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na takriban gramu tatu za maji. Mtu akiacha wanga akiba hutumika, maji yake hutoka kwa mkojo, na mzani husoma kilo moja au mbili pungufu kabla mafuta ya tumboni hayajaguswa sana. Akirudi kwenye wali siku ya harusi, maji hurudi, naye hudhani biriani ya usiku mmoja imemnenepesha.

Ukitazama muda mrefu zaidi, tofauti ya njia hizi mbili hupungua mno. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulionesha kwamba waliokula wanga kidogo walitangulia katika miezi sita ya mwanzo, lakini mwaka ulipotimia hapakuwa na tofauti ya maana kati yao na waliofuata mlo wa kawaida wa kupunguza mafuta na kalori. Utafiti mkubwa zaidi wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliotolewa mwaka 2018, uliwagawa watu wazima 609 katika makundi mawili kwa miezi 12: wa wanga kidogo walipungua kwa wastani wa kilo 6 na wa mafuta kidogo kilo 5.3, tofauti ndogo ambayo kwa hesabu za watafiti yaweza kuwa ya bahati tu. Ndani ya kila kundi wapo waliopungua zaidi ya kilo 20 na wapo walioongezeka. Nasisitiza kwamba makundi yote mawili yaliambiwa wale mboga kwa wingi na wapunguze sukari na unga uliokobolewa. Yaani lile ambalo pande mbili zinakubaliana ndilo wengi wetu hatujaligusa.

Kwa hiyo mimi ningeuliza ni njia ipi nyumba inaweza kuishi nayo. Mlo usio na wanga hudai samaki, nyama na mayai kushibisha mahali pa wali, na changu au jodari wa kushibisha nyumba nzima kila siku si wa kila mfuko, hasa bahari inapochafuka na vyombo vikakaa pwani. Tena sisi twala sinia moja. Mtu anayepikiwa peke yake huonekana mgonjwa au mwenye kiburi, na wageni wakija mwiko wake huvunjika kwa heshima. Sinia pia huficha kiasi: mkono unarudi, mazungumzo yanaendelea, na hakuna ajuaye amekula matonge mangapi. Nyumbani kwangu tuliona ni rahisi zaidi kulipanga sinia lenyewe kwa namna nyingine, wali ukawa mchache katikati na kisamvu au mchicha ukazunguka pamoja na samaki, na siku za kawaida mchele ukapikwa kwa tui jepesi tu. Wazee walinung'unika wiki ya kwanza. Kisamvu, bila shaka, kisiungwe kwa lile tui zito lililookolewa kwenye wali, maana nimeliona hilo likifanyika kwa nia njema kabisa.

Kundi moja nalitenga, nalo ni la wenye kisukari. Kwao kupunguza wanga kuna faida ya moja kwa moja, kwa kuwa wanga ndio unaopandisha sukari ya damu kuliko chakula kingine, na wengi huona nafuu kwenye kipimo mapema. Lakini anayejidunga insulini au kumeza glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari ya damu, anatumia dozi iliyopangwa kwa mtu anayekula wali. Akiuacha ghafla huku dozi ikibaki ile ile, sukari yaweza kushuka mpaka akatetemeka, akachanganyikiwa na hata kupoteza fahamu. Huyo aende kwanza kwa daktari wake, dozi ipangwe upya na apime sukari mara nyingi zaidi katika wiki hizo za mwanzo, kabla hajapunguza hata tonge.